Nilivyomkonyeza Mdachi Mbele ya Baba Yako

Baba Marta, mume wangu,

Kabla sijakuambia kwamba tuko wazima, na kwamba Marta sasa anatembea mpaka kisimani bila kubebwa, nataka ulisikie jambo moja kutoka kwangu mwenyewe. Utaambiwa kwamba mkeo alimkonyeza Mdachi bomani Handeni, mchana kweupe, mbele ya baba yako mzazi. Ni kweli. Nilimkonyeza, na jicho nililotumia ni la kulia. Watakaokuambia hawatakueleza sababu, au wataeleza huku wakitia chumvi yao. Naogopa utayasikia hayo huko njiani, kwa mtu usiyemjua, umechoka na mizigo ya watu, halafu uamue moyoni kwamba huna tena mke wa kumrudia.

Barua hii sijui itapita njia gani. Wapagazi waliotolewa Handeni walielekezwa kusini, ndilo neno pekee tulilopewa, na kusini ni kukubwa. Naandika hivyohivyo. Hapa kwa baba yako, Kang'ata, hakuna ajuaye kusoma ila mimi, kwa hiyo nitaandika yote, hata yale nisiyothubutu kuyasema kwa sauti.

Unakumbuka jikoni kwetu Korogwe? Nyumba ile chini ya kilima cha misheni ya Waingereza, ambako gari moshi likipita vyungu vinatetemeka na mboga inanuka moshi usio wa kuni. Ulikuwa ukirudi jioni kutoka kwa padri wako umejaa maneno, huwezi hata kunawa kabla hujayatoa. Wiki nzima unaweza kuniletea majina ya ndege. Halafu wiki moja ukaniletea maneno ya mwili, yale Waingereza wanayoyatumia kwa kila kitu ambacho mtu anafanya bila kufungua mdomo. Hayo ndiyo yaliyokupendeza kuliko yote. Ulisema mtu anaweza kujifunza Kiingereza cha kuomba maji kwa mwezi mmoja, lakini asipojua maneno haya hatajua watu wenyewe wakoje.

"Nod," ulisema, ukashusha kichwa na kukiinua. Ukaeleza kwamba ndivyo Mwingereza anavyokubali. Mimi nikakuambia kwetu Lutindi mtu akikubali anainua nyusi au anaguna tu, kichwa kina kazi yake ya kubeba kuni. Ukacheka, ukaendelea. Ukasema neno hilohilo wanalitumia kwa mtu anayesinzia kanisani kichwa kikimwanguka, na wanalitumia pia kwa wawili wanaokutana njiani, kila mmoja anashusha kichwa kidogo na kupita zake. Hakuna kusimama, hakuna habari za nyumbani, hakuna habari za mgonjwa. Nilisema hiyo si salamu, huko ni kufukuza nzi. Ulicheka mpaka Marta akaamka.

Lile la mabega ndilo lililonishinda. "Shrug." Ulipandisha mabega yote mawili mpaka yakafika masikioni, ukakunjua viganja, nikakuona kama kuku aliyenyeshewa. Uliniambia maana yake ni sijui, au hainihusu, au shauri yako, na mwenye kuulizwa anachagua. Hata tusi, ulisema, Mwingereza anaweza kulitupa kwa mabega, likaanguka nyuma yake, yeye akaendelea na safari. Ukanifundisha nami nikajaribu, ukaniambia bega la kushoto linachelewa.

Halafu siku ile ulipotaka kujua wanasemaje kusonya. Ulimsonyea padri mwenyewe ili aelewe, mtu mzima wewe, mwalimu mwenye kanzu safi, na yeye akakuambia kwamba kwao hakuna neno la hivyo. Ulirudi nyumbani umenyong'onyea. Ulikaa kwenye kigoda ukasema, "Mama Marta, hawa watu wana merikebu na gari moshi, lakini mtu akichukizwa hana pa kupumulia." Nilikusonyea pale pale ili upate faraja. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, kisha nakumbuka uko wapi, kicheko kinakata.

Na kukonyeza. Hilo hukunifundisha upesi. Ulizunguka kwanza. Ulisema kwao ni jambo dogo, babu anaweza kumkonyeza mjukuu wake kwamba asiseme nani amekula sukari, rafiki anaweza kumkonyeza rafiki kwamba utani ni utani. "Wink," ukasema, ukanifanyia. Nikakuambia kwetu mwanamume akinifanyia hivyo baba yangu anatafuta fimbo, na mimi nikimfanyia mwanamume, fimbo hiyo ni yangu. Ukasema, "Kwa hiyo nifanyie mimi." Nikakufanyia. Ni wewe peke yako niliyekuwa nimekufanyia, mpaka ile siku ya boma.

Sasa niseme kinachoniuma, maana siandiki nikusifu tu. Vita vya Wazungu vilipofika na padri wako akachukuliwa na askari, nilikuambia uache somo la Kiingereza. Nilikuambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili nikiwa nalia. Nilikwambia Wadachi nimelelewa nao, mabibi wa misheni ya Lutindi ndio walionifundisha kusoma na kushona. Ni watu wazuri hadi wanapoogopa, na sasa wameogopa. Wewe ulisema maneno hayana vita. Ulisema watoto wamefika katikati ya somo na huwezi kuwaacha katikati. Nilipokushika mkono ulinipandishia mabega, mimi mkeo, kwa Kiingereza. Bado nina hasira nayo hiyo.

Ukawapeleka wanafunzi kilimani, kwa sababu darasa lilikuwa limefungwa. Ukawapanga mistari kwenye mteremko unaotazama reli. Ulitaja neno, wao wanafanya. Punga. Ita. Onyesha. Piga makofi. Mimi nilikuwa chini nikianua nguo, niliwaona, mikono yote inapanda na kushuka pamoja, na kusema kweli ilipendeza. Akida wa Wadachi naye aliwaona, alikuwa akitoka stesheni. Kwake yeye, ule haukuwa mchezo wa shule. Vita vimepamba moto, mwalimu wa Waingereza yuko mlimani juu ya reli, na watoto wake wanapunga mikono kwa amri. Akaenda kusema kwamba unawapa Waingereza ishara gari moshi linapopita.

Walipokuja kukuchukua ulikuwa unakula. Hawakukuacha unawe. Nilikimbia na Marta mgongoni mpaka walipoingia njia ya Handeni, askari wa nyuma akageuka akaniambia nirudi, mumeo atanyongwa, kaanze kutafuta kaniki ya msiba. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeniambia mvua itanyesha.

Nilikwenda kwa baba yako. Sikuwa na mwingine. Unajua jinsi tulivyo mimi na yeye: tangu uliponioa nilikuwa sijapata kumtazama usoni, wala yeye mimi. Akipita njiani naingia majanini, nikiwa jikoni anakohoa kwanza kule nje ili nijifunike. Ni heshima ya mkwe, na aliishika sana, na mimi niliishika. Nilipiga magoti nje ya mlango wake, kanga usoni, nikasimulia. Kisha nikamsikia akimwambia Marta, ambaye hata kusema alikuwa hajajua, "Mwambie mama yako kesho alfajiri tunakwenda bomani."

Tulikwenda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma mbali, mtoto mgongoni. Kila alichotaka kuniambia alimwambia Marta kwa sauti ya kunifikia. Marta mwambie mama yako hapa pana utelezi. Marta mwambie mama yako tukifika aniache mimi niseme kwanza.

Na alisema kwanza. Bwana mkubwa, Mdachi mwenyewe, alikuwa amekaa barazani, akida pembeni yake kwenye kiti kidogo. Baba yako alivua kofia, akamwambia kwamba mwanawe ni mwalimu, alikuwa anafundisha. Mdachi alijua Kiswahili, kile cha amri. Akauliza, "Somo gani linafundishwa kwa kupunga mikono juu ya reli?" Baba yako akarudia tu kwamba mwanawe ni mwalimu. Hapo ndipo nikasema mimi, kwa Kidachi changu cha jikoni nilichokiokota Lutindi, kwamba somo hilo nalijua, na yeye akitaka nitamwonyesha.

Akageuza kiti chake. Nafikiri sauti ya Kidachi kutoka ndani ya kanga ndiyo iliyomshtua. Akasema, "Toa hiyo nguo usoni." Nikamwomba kwanza mzee atolewe nje, nikamweleza kwamba ni baba mkwe wangu, na kwetu haiwezekani. Akasema mzee abaki, aone mwanawe amefundisha nini. Baba yako alikuwa ameshaanza kugeuka ukutani. Askari akamshika kidevu akamgeuza tena upande wangu, akakaa amemshika hivyo.

Nilitoa kanga.

Mdachi alijua Kiingereza kidogo. Alikuwa mjanja, hakutaka nimwonyeshe kwa mpangilio wangu, alitaja neno yeye kwa ghafla ili aone kama ni maneno kweli au nimetunga njiani. "Nod." Nikashusha kichwa. "Shrug." Nikapandisha mabega, yote mawili kwa pamoja safari hii. "Clap." "Point." Kila alilolitaja nililifanya, na nilimwona kidogo kidogo anaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Akasema, "Beckon," akamwonyesha akida kwa macho. Basi nikamwita akida kwa kidole kimoja kilichopinda, hivi, kama Waingereza wanavyoitana na kama sisi tunavyomwita mbwa. Askari mmoja akacheka. Akida uso ukamvimba. Nilijua saa ileile kwamba hilo nitalilipia, na nimelilipia.

Halafu akasema, "Wink."

Nikasita. Nilisikia pumzi ya baba yako, alikuwa karibu kiasi hicho. Nilijua nikisema hilo silijui, mengine yote yatakuwa uongo, na wewe uko ndani ya ukuta ule, sijui chumba gani. Mdachi akarudia. Nikamtazama machoni nikamkonyeza. Hakucheka wala hakufurahi, hata kama utaambiwa vingine. Alishusha macho, akaandika kitu, akasema, "Ni somo."

Nikafikiri tumeshinda. Nilikuwa nimeanza hata kumshukuru Mungu kwa Kishambaa cha kwetu. Lakini alipomaliza kuandika alisema kwamba hutanyongwa, ila mwalimu wa Kiingereza hawezi kukaa karibu na reli wakati huu, utabeba mizigo ya askari mpaka vita viishe. Tuliomba tukuone. Tulikataliwa. Tulilala nje ya boma, na asubuhi mlango tuliousubiri haukuwa ule waliowatolea ninyi. Hadi leo sijui kama uliambiwa kwamba tulikuwepo.

Safari ya kurudi baba yako hakumwambia Marta neno lolote. Nilimfuata nikitazama visigino vyake. Mara mbili alijikwaa, mzee ambaye njia ile anaijua toka utoto.

Yaliyofuata si magumu kuyakisia. Akida hakuweza kusimulia kwamba mwanamke alimwita kwa kidole kama mbwa, kwa hiyo alisimulia lile lingine. Likafika Kang'ata kabla msimu haujageuka. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza nikifika. Mama yako aliacha kula nilichopika, alisema tumbo linamsumbua, lakini tumbo hilo halikumsumbua kwa chakula cha wengine. Ndugu yako mkubwa ndiye aliyesema wazi. Alisema mdogo wake amekwenda kufa na mkewe anauza macho kwa Wadachi, tena ni mtoto wa Wadachi tangu Lutindi, arudishwe kwao na Marta abaki hapa. Nilimsikia akiyasema hayo uani huku mimi napepeta mahindi. Niliendelea kupepeta ungo mtupu.

Wazee waliitwa. Nilikaa ndani nyuma ya mlango, Marta amelala mapajani, na kila neno nililisikia. Ndugu yako alisema yake. Mjomba wako wa Kwamsisi, ambaye amekuwa na huruma kwangu siku zote, alisema maneno ya akida hayatoshi, kuna mtu mwingine aliyekuwepo, na aulizwe yeye. Wakamgeukia baba yako.

"Ulikuwepo, mzee mwenzetu. Ulimwona mkweo akimkonyeza yule bwana?"

Wewe unamjua baba yako. Ni mtu anayemrudisha mnunuzi njiani kumwambia mbuzi uliyemchukua anakohoa. Hata kwa utani hasemi lisilokuwepo, na ninyi watoto wake mlichapwa kwa uongo kuliko kwa kuvunja vyombo. Nilianza kutafuta kwa macho vitu vya Marta, nikiwaza nitamwachia kipi na nitamwibia kipi kama kumbukumbu.

"Nilikuwa nimeupa uso ukuta," akasema. "Sikuona kitu."

Ndugu yako akasema, "Baba, akida ameapa."

"Na mimi naapa. Wallahi, sikuona. Mke wa mwanangu alisema mbele ya Mdachi maneno yaliyomwokoa mwanangu na kitanzi. Hilo nililisikia, maana masikio nilikuwa nayo. Atakayemtoa hapa anitoe mimi kwanza."

Wakamaliza kahawa wakaondoka. Mimi nilibaki nyuma ya mlango mpaka kilio cha Marta kikaniinua.

Ukuta hakuutazama, Baba Marta. Ule mkono wa askari kwenye kidevu chake niliuona. Aliniona nikitoa kanga, aliniona uso wangu wote kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani kwake, na alichokiona usoni humo ni kile.

Tangu siku ya baraza la wazee anafunga. Si Ramadhani, wala si siku yoyote ninayoisikia wakiitaja. Mama yako alipomwuliza alisema ni funga yake tu. Mimi ni mtu wa kanisa, sikuelewa, nikamwuliza mke wa mjomba wako kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza habari za nchi nyingine: Mwislamu akila kiapo na kiapo chenyewe si cha kweli, anafanyaje? Akaniambia analisha maskini, na akiwa hana cha kulisha, anafunga siku tatu, nazo baba yako amekwisha kuzipita. Na mwaka huu nani ana cha kulisha, wakati askari wamekomba maghala yote.

Kwa hiyo jioni napika uji wa futari, naupeleka hadi kizingitini, naondoka. Mama yako ameanza tena kula chakula changu. Kisimani wanazungumza nami kidogo. Akida bado anasimulia, na ataendelea, na kuna watakaomwamini. Usiku mwingine na mimi najiuliza kama nilifanya vema. Nikifika mahali pa kujiuliza ungekuwa wapi sasa kama nisingefanya, nanyamaza.

Ukirudi, mume wangu, na nakuomba urudi hata ukiwa huna meno wala mguu, utasikia habari mbili. Moja ya akida, moja ya baba yako. Utataka kujua. Naelewa, hata mimi ningetaka. Lakini baba yako amezeeka, na nguvu zake za kufunga si nyingi. Tafadhali usimwulize yeye. Niulize mimi.

Mkeo,
Mama Marta
Kang'ata